Mashua ya mjomba imeniharibia hesabu. Je, niitoe?

Barua

Assalam alaykum Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni mkazi wa Mkomani hapa Lamu, na ninasoma stashahada ya maendeleo ya jamii katika chuo ambacho sitakitaja. Muhula huu tumeanza somo la takwimu, nami nimekwama katika kazi mbili tulizopewa, kiasi kwamba usiku wa jana nilifunga daftari nikalala bila ya kumaliza hata moja.

Kazi ya kwanza inanitaka nikadirie ni asilimia ngapi ya kaya za mtaa mmoja ambazo bado zinakunywa maji ya kisima, pamoja na wastani wa lita zinazotumiwa na kila kaya kwa siku. Mtaa niliouchagua una milango 620, kwa hesabu niliyoifanya kwa miguu nikiongozana na mzee wa mtaa. Nilipotafuta ukubwa wa sampuli nikapata majibu matatu yasiyopatana. Fomula ya kitabu chetu ilinipa 385. Fomula ya Yamane, ambayo wanafunzi wengi wa darasa langu huitumia, ilinipa 244. Mwenzangu mmoja naye amesisitiza kwamba 30 zinatosha, kwa kuwa hiyo, asema, ndiyo sheria ya takwimu duniani kote. Mimi nimekwisha kuhoji kaya 40, nyingi zikiwa za jamaa zetu na za marafiki wa mama walio karibu na barabara ya Usita wa Mui, na zote nilizihoji asubuhi. Kati ya hizo, 26 zimesema zinakunywa maji ya kisima, yaani asilimia 65. Kuhusu lita, mkengeuko sanifu niliopata, yaani kipimo cha jinsi kaya zinavyotofautiana, ni lita 60. Muda uliobaki ni wiki 3. Je, niendelee mpaka nifikishe 385, au nikomee hapa nilipo?

Kazi ya pili inahusu uhusiano wa mstari. Nilishinda dikoni siku moja nikaandika muda ambao kila mashua ilikaa baharini na uzito wa samaki walioshushwa. Mashua ya kwanza ilikaa saa 3 ikaleta kilo 10. Ya pili saa 4, kilo 14. Ya tatu saa 5, kilo 12. Ya nne saa 6, kilo 20. Ya tano saa 6, kilo 16. Ya sita saa 7, kilo 22. Ya saba saa 8, kilo 24. Na ya nane saa 9, kilo 26. Nilipochora nukta zangu kwenye karatasi ya miraba, zilipanda kama ngazi. Lakini nilipokokotoa kile kipimo kinachoandikwa kwa herufi r, nikapata 0.0015, na kitabu kinasema kuwa nambari iliyo karibu na sifuri maana yake hakuna uhusiano wa mstari. Nimerudia mara tatu na jibu ni lile lile.

Kuna jambo jingine ambalo naona haya kulisema. Mashua zilikuwa 9, si 8. Ya tisa ni ya mjomba wangu, iliyorudi baada ya saa 2 tu ikiwa na kilo 40. Sikuiingiza katika jedwali kwa sababu niliona itanivurugia picha. Mjomba alipoliona daftari langu alicheka, akaniuliza, «Mimi sikuvua?» Tangu siku hiyo sina raha. Je, nilikosea kumtoa?

Binti wa Mkomani

Jibu

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako imenifurahisha kwa sababu umeandika nambari zako zote, hata ile uliyoificha. Wengi huniandikia kwamba takwimu zimewashinda bila ya kunionyesha walipokwama, nami hubaki nikikisia. Kwako sina haja ya kukisia, basi na tuanze na zile kaya.

Nambari 385 hutokana na maamuzi matatu ambayo kitabu kimekufanyia bila ya kukuuliza. La kwanza ni kiwango cha uhakika cha asilimia 95, ambacho huleta nambari 1.96 katika fomula. La pili ni kiasi cha kukosea unachokubali, hapa asilimia 5 juu au chini ya ukweli. La tatu ni dhana kwamba nusu ya kaya zinakunywa maji ya kisima na nusu hazinywi. Dhana hii huchukuliwa kwa tahadhari, kwa kuwa 0.5 mara 0.5 ni 0.25, na hakuna mgawanyo mwingine wowote utakaokupa zao kubwa kuliko hilo. Zidisha 1.96 kwa 1.96, kisha kwa 0.25, ugawanye kwa 0.05 mara 0.05, nawe utapata 384.16. Hapo hupandishwa hadi 385 hata kama desimali ni ndogo, kwa maana kaya haikatwi vipande, na ukishuka utakuwa umepungukiwa na kile ulichokiahidi.

Lakini fomula hiyo huchukulia kwamba kundi unalolichunguza ni kubwa mno, halina mwisho. Wewe una milango 620, na mtu anayehoji 385 kati ya 620 amekwisha kuumaliza zaidi ya nusu ya mtaa, kwa hiyo yale asiyoyajua yamepungua sana. Ndiyo sababu kuna hatua ya pili ambayo nadhani ukurasa wake uliuruka: chukua 383.16 (yaani 384.16 kutoa 1), ugawanye kwa 620, ujumlishe 1, upate 1.618, kisha ugawanye 384.16 kwa hiyo 1.618. Jibu ni 237.4, yaani kaya 238.

Sasa itazame ile 244 ya Yamane. Unaona ilivyo jirani na 238? Si bahati. Fomula yake ni hiyo hiyo niliyokueleza sasa hivi, isipokuwa mahali pa 1.96 pamewekwa 2 kamili na marekebisho ya kundi dogo yameshatiwa ndani. Kwa hiyo wewe na wanafunzi wenzako hamkuwa na fomula mbili zinazogombana. Mlikuwa na moja iliyokamilika na nyingine iliyoachwa katikati ya njia. Ukitumia 238 au 244 hakuna msahihishaji mwenye akili timamu atakayekulaumu, mradi uandike umetumia ipi na kwa nini.

Kabla hatujaondoka hapa, kuna jambo ambalo huwashangaza watu, na mimi lilinishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Sensa ya 2019 iliihesabu Kaunti ya Lamu kuwa na watu 143,920, na Kenya nzima watu 47,564,296. Ukitaka kukadiria asilimia fulani ya watu wa kaunti yetu kwa masharti yale yale, utahitaji watu 384. Ukitaka ya Kenya nzima, utahitaji 385. Kundi limekuwa kubwa zaidi ya mara 300, na sampuli imeongezeka kwa mtu mmoja. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia kwamba sampuli sharti iwe asilimia 10 ya kundi. Huo ni mzigo usiobebeka kwa nchi, na kwa mtaa wako ungekupa kaya 62 tu.

Ama ile sheria ya 30, mwambie mwenzako kwamba amechukua kanuni ya jambo moja akaipeleka kwenye jambo jingine. Watu husema 30 kwa sababu, pale data zisipokuwa zimepinda sana upande mmoja, wastani wa sampuli ya ukubwa huo huanza kufuata umbo la kengele, na hivyo jedwali la mgawanyo wa kawaida, wenye umbo hilo, linaweza kutumika bila ya wasiwasi mkubwa. Hakuna mahali ambapo 30 imeahidi kwamba jibu lako litakuwa karibu na ukweli. Na hata hiyo si amri. Mwaka 1908 William Gosset, aliyeajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin (nisamehe kukitaja katika barua iliyoanza kwa salamu), alichapisha kwa jina la kujificha la Student njia ya kushughulikia sampuli ndogo kuliko hizo, kwa sababu majaribio aliyokuwa nayo kazini yalikuwa machache. Njia yake ndiyo ile t mnayoisoma leo.

Zipime basi kaya zako 40. Asilimia 65 kutoka kwa kaya 40 ina kiasi cha kukosea cha karibu asilimia 15 kila upande. Maana yake ni kwamba ukweli wa mtaa unaweza kuwa 50 au 80 au popote katikati. Mtu wa idara ya maji akikuuliza kama wanaokunywa maji ya kisima ni nusu ya mtaa au ni wanne katika kila watano, hutakuwa na la kumjibu.

Lakini hata hiyo asilimia 15 nimekupa kwa ukarimu, na hapa ndipo nataka usome polepole. Hesabu yote niliyoifanya hapo juu inadai kwamba kila kaya kati ya zile 620 ilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Zako hazikuwa nayo. Ulikwenda kwa jamaa na kwa marafiki wa mama, karibu na barabara moja, wakati mmoja wa siku. Walio karibu na Usita wa Mui si lazima wawe na maji yale yale waliyonayo walio ndani kabisa ya vichochoro. Nyumba yenye jabia lake au bomba linalotiririka haifanani na nyumba inayoletewa madumu kwa punda. Na mlango ambao asubuhi hubisha mtu asiitikiwe, kwa sababu wote wamekwenda kazini, huenda ndio wa kaya yenye mapato ya kununua maji. Fomula haina njia ya kulijua hilo. Ukiiletea kaya 385 za jamaa na marafiki itakupa asilimia 5 ile ile kwa upole, na jibu litakuwa si la mtaa bali la ukoo wenu.

Kosa hili lina kisa chake mashuhuri. Mwaka 1936 gazeti la Literary Digest la Marekani lilipata majibu zaidi ya milioni 2 kuhusu uchaguzi wa rais, likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Franklin Roosevelt. Roosevelt alishinda katika majimbo 46 kati ya 48. Majina ya waliotumiwa kura hizo yalichukuliwa kwa sehemu kubwa kutoka katika orodha za wenye simu na wenye magari, katika miaka ya dhiki ambapo si kila mtu alikuwa navyo, na hata kati yao ni wachache tu waliojibu. Hebu fikiria sisi wa Lamu tungechaguana kwa orodha ya wenye magari. George Gallup, kwa sampuli ndogo sana kuliko hiyo lakini iliyopangwa kwa uangalifu zaidi, alitabiri mshindi sawasawa.

Kwa hiyo usiongeze kaya 198 juu ya zile 40. Ziweke zile 40 kando kama uchunguzi wa majaribio, ambao ni kazi halali na una faida nitakayoitaja, kisha uanze upya kwa orodha. Mzee wa mtaa ameshakusaidia kuhesabu milango. Rudi naye uipe kila mmoja nambari kuanzia 1 hadi 620. Na hapo jihadhari na neno lenyewe. Umeandika «milango» mahali pengine na «kaya» mahali pengine, kama kwamba ni kitu kimoja, ilhali katika nyumba zetu za mawe si ajabu ghorofa ya chini ikawa ya mtu mmoja na ya juu ya mtu mwingine, wote wakipita mlango mmoja wa kuchonga. Tena neno kaya hapa pwani lina maana nyingine pia kwa ndugu zetu Wamijikenda, ndiyo sababu napenda kulifafanua kila nilitumiapo: nakusudia watu wanaopika pamoja na kumtambua mkuu mmoja. Ukihesabu kwa mapishi badala ya milango, huenda 620 ikawa 700 au zaidi. Sampuli yako haitabadilika sana (kwa 700 ni 249), lakini orodha itabadilika, na orodha ndiyo msingi wa kila kitu.

Ukishakuwa na nambari, andika kila moja kwenye kikaratasi, uchanganye na kuchomoa 238, au utumie kitufe cha nambari za nasibu katika kikokotoo chako. Kwa kuwa daima kuna wasiopatikana na wasiotaka kuhojiwa, chomoa zaidi tangu mwanzo. Ukitarajia mmoja katika kila kumi atakukosa, gawanya 238 kwa 0.9, uchomoe 265. Nyumba iliyochaguliwa na isiitikie, irudie jioni baada ya Magharibi, usikimbilie jirani yake aliye wazi. Kwa wiki 3 ni kaya 13 hivi kwa siku. Ikiwa hilo haliwezekani, kubali kiasi cha kukosea cha asilimia 7, ambacho kwa milango 620 kinahitaji kaya 150 tu, na uandike hivyo waziwazi. Kaya 150 zilizochaguliwa kwa kura ni bora kuliko 400 za kuokoteza.

Kuhusu wastani wa lita, Yamane hakufai kabisa, na hili nimeliona likikosewa katika ripoti nyingi. Fomula ile ni ya maswali ya ndiyo na hapana. Kwa wastani unahitaji kujua jinsi kaya zinavyotofautiana, na hapa ndipo zile 40 zinapokusaidia, kwa kuwa zimekupa mkengeuko sanifu wa lita 60. Ukitaka kukosea kwa lita 10 tu, zidisha 1.96 kwa 60, gawanya kwa 10, upate 11.76, kisha uizidishe kwa yenyewe: 138.3, yaani kaya 139. Ukitaka kukosea kwa lita 5, usidhani zitakuwa mara mbili. Zitakuwa 554, mara nne, kwa sababu kiasi cha kukosea kimo ndani ya kipeo cha pili. Kwa mtaa wako mdogo nambari hizo hushuka hadi 114 na 293. Kwa hiyo kaya 238 zitakutosha kwa swali la kwanza na zitakupa lita kwa usahihi unaoridhisha pia.

Tuje dikoni.

Jibu la 0.0015 limetokana na herufi moja. Kiswahili kimetupa kipeo cha pili na kipeuo cha pili, maneno yanayofanana kama pacha na yanayokwenda pande mbili zinazopingana, na wewe ulipofika chini ya mstari wa fomula ulivikokotoa vipeo ukakisahau kipeuo. Kwa mashua zako 8, jumla ya saa ni 48, jumla ya kilo 144, jumla ya mazao ya saa na kilo (saa za kila mashua mara kilo zake) 942, jumla ya vipeo vya saa 316 na vya kilo 2,832. Juu ya mstari, 8 mara 942 kutoa 48 mara 144 ni 624. Chini, sehemu ya saa ni 224 na ya kilo ni 1,920. Ukizizidisha unapata 430,080. Wewe uligawanya 624 kwa hiyo 430,080 ndipo ukapata 0.0015. Ulipaswa kwanza kutafuta kipeuo chake cha pili, ambacho ni 655.8, na hapo r ni 0.95. Jicho lako lilikuwa sahihi. Nakusifu kwa kuchora kwanza, maana bila ya ile ngazi ungeliamini jibu lisilo na maana. Mwaka 1973 Francis Anscombe alitunga makundi manne ya data ambayo yote yana r ya karibu 0.816, lakini ukiyachora, moja ni mstari wa kawaida, jingine ni tao, na mengine mawili yameburutwa na nukta moja tu.

Hiyo nukta moja inatuleta kwa mjomba. Nimemwingiza katika hesabu, mashua ya tisa, saa 2 na kilo 40. Jumla ya saa inakuwa 50, ya kilo 184, ya mazao 1,022. Juu ya mstari, 9 mara 1,022 ni 9,198, na 50 mara 184 ni 9,200. Tofauti ni 2 chini ya sifuri. Kipimo chako kimeporomoka kutoka 0.95 hadi 0.001 upande wa hasi, yaani sifuri. Mashua moja imeyafuta yote yaliyosemwa na nane. Nilipomaliza nilicheka kama alivyocheka yeye.

Sasa, je, ulikosea kumtoa? Kumtoa kwa sababu anaharibu picha ni kosa, na sitalipamba. Mtafiti anayeondoa kila kisichokubaliana naye atapata uhusiano wenye nguvu siku zote, kwa kuwa ameutengeneza mwenyewe. Lakini haimaanishi kwamba ni lazima abaki ndani ya hesabu ile ile. Inategemea jibu la swali ambalo hukumuuliza: alivua vipi? Ikiwa mashua zile 8 zilikwenda kwa mishipi kutafuta samaki aina ya changu kwenye miamba, naye alikutana na kundi la samaki akalizungushia wavu, basi hizo ni kazi mbili tofauti, na swali lako lingeweza kuwa la mashua za mishipi peke yake. Sababu hiyo ingekuwa halali hata kama angeleta kilo 8 badala ya 40. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia mimi: jiulize kama ungemtoa kwa sababu hiyo hiyo endapo nambari yake ingekupendeza. Ikiwa naye alikuwa kwenye mishipi kama wenzake, akabahatika tu, basi yeye ni sehemu ya bahari unayoichunguza, na ripoti yako lazima imbebe. Vyovyote iwavyo, andika matokeo yote mawili, 0.95 bila yake na sifuri pamoja naye, ueleze sababu, umwachie msomaji aone.

Tena tazama ni kwa nini mtu mmoja aliweza kufanya uharibifu huo wote. Ni kwa sababu ulikuwa na mashua 8. Kwa mashua 8, r sharti ivuke 0.707 ndipo useme, kwa kiwango cha asilimia 5, kwamba haikutokea kwa bahati; kwa mashua 5 sharti ivuke 0.878, kwa mashua 30 inatosha 0.361. Na hata 0.95 yako, ukiipa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, inaweza kuwa popote kati ya 0.75 na 0.99. Siku moja dikoni haitoshi. Nenda siku sita zaidi, katika hali tofauti za bahari, mjomba mmoja hatakuwa na nguvu hizo tena.

Kama utauandika mstari, bila ya mjomba ni kilo 1.29 kujumlisha 2.79 kwa kila saa. Utumie kati ya saa 3 na saa 9 tu. Kwa saa 20 mstari unaahidi kilo 57, lakini mstari haujui kwamba barafu huyeyuka na mabaharia huchoka. Wala usiandike kwamba saa ndizo zinazoleta samaki. Nahodha akiona samaki wanapatikana hukaa zaidi, na akiona patupu hurudi mapema, kwa hiyo huenda samaki ndio wanaoleta saa. Na kuna mambo ya tatu yanayovuta yote mawili: wakati wa kaskazi embe hujaa sokoni na wageni hujaa kwenye gati, nambari zao hupanda pamoja, na hakuna anayedai kwamba watalii huivisha embe.

Ungependa pia kupima nguvu ya upepo, nadhani, kwa kuwa wavuvi watakuambia hilo ndilo jambo lenyewe. Basi chora tena kabla ya kukokotoa. Chukua mfano wa kubuni: upepo wa daraja 1 hadi 5, na kilo 6, 14, 18, 14, 6. Shwari, tanga halisogei. Kusi likivuma kwa nguvu, hakuna anayetoka. Katikati ndiko kwenye riziki. Uhusiano huo kila mtoto wa Shela anaujua, na r yake ni sifuri kamili, kwa sababu r hupima mstari ulionyooka na huo ni mgongo wa ngamia.

Kabla ya yote hayo, mwanangu, nenda kwa mjomba jioni hii, umwombe radhi kwa kumwacha nje ya daftari, na umwulize alikuwa na wavu au na mshipi.